Samaki wa Ijumaa na Hesabu ya Harusi

Wasomaji wangu wapenzi, hasa ninyi akina mama mnaoanza gazeti kwa ukurasa huu kabla ya kuzitazama kurasa za mbele, juma hili nilikuwa nimeahidi kueleza namna ya kuhifadhi unga wa muhogo usiingie wadudu. Naomba radhi, unga utangoja. Jambo limetokea nyumbani kwetu, nami nimeona vyema nilieleze lingali moto, maana najua kwamba katika nyumba nyingi za Bujumbura jambo la namna hiyo hiyo linazungumzwa kiangazi hiki, majira ambayo mvua hukatika na kadi za harusi huanza kupita mlango hadi mlango.

Ndugu yangu anaye binti wa miaka 23. Ni mshonaji, naye hushonea cherehani ya kukodi katika kibanda kilicho karibu na soko la Ruvumera, mtaani Buyenzi. Amechumbiwa na kijana fundi wa magari. Wenyeji wanajua kwamba Buyenzi ni mtaa wa Waswahili na vile vile ni mtaa wa magereji, kwa hiyo si ajabu binti aliyekulia katika barabara zetu zenye namba badala ya majina akapendwa na mtu mwenye weusi wa mafuta ya injini kwenye kucha. Kijana mwenyewe ni mpole, wa kabila la watu wasiosema sana, na wazazi wa pande zote mbili wameridhika.

Basi majuma matatu yaliyopita ndugu yangu alinijia usiku, akaketi, akakataa hata chai. Akaniambia, "Dada, mwanao anaila harusi yake kabla haijafika."

Nikamwuliza maana ya maneno hayo. Akaeleza kwamba kila Ijumaa jioni, kazi ikiisha, binti na mchumba wake huonekana wakila nje: mara mishikaki Bwiza, mara samaki kando ya ziwa, mara vitumbua na chai ya tangawizi kwa mama mmoja wa Nyakabiga. Majirani wameona, na majirani wakiona husema. Ilhali kamati ya harusi imekwisha kukutana mara mbili, na fedha hazijatimia hata nusu. Yeye kama baba haoni njia ya kumkanya mtoto wa kike aliyekwisha chumbiwa. Ndiyo maana ameileta kesi kwangu.

Yafaa niwaeleze wasomaji walio mbali na Burundi kwamba kwa desturi ya Warundi shangazi si mgeni wa kualikwa siku ya harusi akala akaondoka. Shangazi, ambaye binti wa Kirundi humwita masenge, ndiye anayemfunda bibi harusi, ndiye anayeulizwa maswali ambayo mama hawezi kuulizwa, na mambo yakiharibika ndiye anayelaumiwa. Sisi wa Buyenzi, ambao babu zetu wengi walitoka Manyema na Ujiji, tunazo pia desturi za pwani za somo na kungwi, na hizo mbili zikikutana katika nyumba moja kazi ya shangazi huwa mara mbili. Nikamtuma mtoto wa jirani akamwite binti. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno makali.

Alikuja siku ya pili akiwa na daftari la shule, lile lenye kurasa 96 na jalada la buluu. Kabla sijafungua kinywa aliniwekea mapajani akasema, "Shangazi, najua Baba amesema nini. Soma kwanza, kisha unigombeze."

Nikavaa miwani. Kurasa za mbele zote zilikuwa ni habari za kula. Kila Ijumaa ina mistari yake: tarehe, mahali, chakula, bei, nani aliyelipa, na mwishoni neno moja au mawili ya hukumu. Nitawapa machache, kwa ruhusa ya mwenyewe. "Mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma. Nyama laini, ndizi mbichi katikati. Yeye alilipa." "Maharage na wali. Wali una mawe. Tumecheka." "Bokoboko. Mimi nililipa. Kama la Bibi, ila Bibi haweki mafuta mengi hivi." Na mahali pengine, baada ya bei iliyopigiwa mstari mara mbili, ameandika tu: "Samaki mdogo, maneno mengi."

Nilijitahidi nisicheke, maana niliitwa kugombeza.

Lakini nilipoendelea kusoma niliona kwamba sikuwa nikisoma habari za chakula peke yake. Ijumaa moja mhudumu alimrudishia kijana chenji ya ziada, naye alitembea kurudi kuirejesha ingawa walikuwa wamekwisha fika barabara kuu, hilo limeandikwa. Ijumaa nyingine mvua iliwanyeshea, na kijana alinyamaza kwa hasira njia nzima kwa sababu binti alichelewa kutoka kazini. Hilo nalo limeandikwa, pamoja na siku aliyoomba radhi, ambayo ilikuwa ni siku nne baadaye. Safari zao zote ni za miguu. Tangu Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipokatazwa kuingia sehemu za katikati ya mji, kijana fundi hana pa kumpakia mchumba wake, hata kama pikipiki aliitengeneza mwenyewe. Kwa hiyo hutembea wakizungumza, hula sahani moja wakigawana, na hulipa kwa zamu. Nikapiga hesabu ya miezi sita ya Ijumaa zile. Nasema kweli, jumla yake haikufika bei ya keki ambayo kamati ya harusi imekwisha kuiagiza.

Chakula kilichoandikwa mara nyingi kuliko vyote ni mukeke. Msomaji aliye Dar es Salaam au Mombasa huenda hamjui samaki huyu, kwa kuwa hapatikani baharini. Yeye ni wa Ziwa Tanganyika tu, mwembamba, mweupe, mwenye nyama tamu isiyo na miiba mingi. Hapa kwetu huchomwa mzima juu ya makaa, au hukaangwa kisha akamiminiwa mchuzi wa vitunguu na nyanya, akaliwa kwa ndizi au ugali. Mgeni akija Bujumbura asipopewa mukeke, mwenyeji hujiona kama hakumkaribisha. Lakini siku hizi mukeke amekuwa samaki wa kufikiriwa kabla ya kununuliwa. Ziwa ni moja na wavuvi ni wa nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, nchi ambazo zilitia saini mkataba wa kulitunza pamoja mwaka 2003 na ambazo chombo chao cha pamoja kina ofisi zake hapa hapa Bujumbura. Samaki wamepungua hata imebidi wavuvi wapumzishwe kwa majira. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaa. Isitoshe, ziwa lenyewe lilipanda kuanzia mwaka 2020, likameza sehemu za ufuko na kuwatoa watu majumbani huko Gatumba. Katika daftari kuna mahali palipopewa sifa nyingi kuliko pote, na chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, ameandika: "Tulirudi. Maji yamepachukua, na meza pia."

Mukeke akipanda bei, binti huagiza ndagala. Nimemwuliza jinsi anavyowapika nyumbani, maana kumbe hupeleleza kila jiko analokula. Nawapeni maelezo yake, ambayo nimeyajaribu mwenyewe. Kwa watu sita chukua vikombe vitatu vya ndagala wakavu. Wapepete kwanza, kisha waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, ukiwaokota juu juu kwa mkono na kuuacha mchanga chini ya bakuli. Usiwamwage pamoja na maji, ndipo watu wengi wanapokosea. Wachuje, waache wakauke kidogo. Tia vijiko vinne vya mawese katika sufuria, yakipata moto weka vitunguu viwili vilivyokatwa vyembamba, vikianza kubadilika rangi weka ndagala uwakaange mpaka wasikike wakilia wakigeuzwa. Ndipo utie nyanya nne na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, ufunike kwa dakika kumi juu ya moto mdogo. Chumvi onja kwanza. Ndimu ikamuliwe mezani, isikamuliwe jikoni. Kwa ugali wa muhogo na lengalenga kando yake, hutamkumbuka mukeke mpaka juma lijalo.

Nikalifunga daftari nikidhani nimemaliza. Binti akaligeuza juu chini, akalifungua kwa nyuma. Huko ndiko iliko harusi.

Hapa uso wake ulibadilika. Kurasa za mbele zimeandikwa kwa mkono wa kukimbia, wenye furaha. Za nyuma zimepigwa mistari kwa rula kama kitabu cha duka. Ukumbi. Keki. Vitambaa vya sare kwa akina mama wa upande wetu. Imvutano za siku ya kutoa mahari, yake na za wasichana watakaomsindikiza. Kreti za soda, kwani sisi ni Waislamu na bia haiingii, lakini soda nazo siku hizi huadimika na mwenye nazo hujitajia bei. Magari ya msafara. Kuhusu magari hayo kijana fundi alimwambia kwamba gari atalipata bila shida, dereva atampata bila shida, ila mafuta ya kulitembeza ndiyo hawezi kumwahidi mtu. Na katika mji ambao umeona foleni za mafuta za usiku kucha, hakuna aliyeweza kumjibu. Chini kabisa, kwa mwandiko wa baba yake, pameandikwa: Ngoma.

Ndugu yangu anataka ngoma za Burundi, zile zinazobebwa kichwani zikiingia, ambazo mwaka 2014 Umoja wa Mataifa kwa shirika lake la UNESCO uliziandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Sikatai kwamba hakuna kitu kitakachoutetemesha moyo wa mzazi kama hicho. Lakini ngoma si ya kuita kama unavyomwita mpiga picha. Amri ya rais ya Oktoba 2017 ilitaka ruhusa ya wizara kwa sherehe isiyo ya kitaifa, na malipo yake yakawekwa kuwa faranga 500,000. Binti alikuwa ameandika kiasi hicho mbele ya neno la baba yake, akaweka alama ya kuuliza ndogo sana, kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Fedha za mambo haya hutoka wapi? Hutoka kwa watu. Warundi huita intwererano, na ni desturi njema: leo unanichangia mimi, kesho nakuchangia wewe, na hakuna anayeoza peke yake. Si yetu peke yetu. Huko Ufilipino, visiwa vilivyo mbali sana na ziwa letu, wageni hucheza na maharusi huku wakiwabandika noti nguoni kwa pini. Akina mama wa pwani wanaotunza noti kwenye vipaji vya nyuso hawatalishangaa hilo. Tofauti ni kwamba noti ya kutunzwa huisha palepale ukumbini, ilhali mchango wa kamati huandikwa. Anayekuchangia ana daftari lake, na jina lako limo.

Mwanangu wa kwanza nilimwoza mwaka 2015 kwa njia hiyo. Tulipanga ukumbi wa watu mia tatu, wakaja zaidi ya hao, na saa mbili usiku soda zilikwisha. Shemeji yangu aliondoka kwa hasira pamoja na gari alilotuazima. Siku ya pili yake mwenye viti alikuja kudai viti kumi na viwili ambavyo hakuna aliyejua vilikokwenda. Lakini hayo ni ya kuchekwa. Lisilochekwa ni kwamba mwanangu na mkewe walilipa deni la siku ile kwa muda wa miaka miwili, wakiwa wamepanga chumba kimoja, na mkwe wangu alijifungua mtoto wa kwanza bila godoro la pili ndani ya nyumba. Picha za ukumbi zipo, zimetundikwa ukutani, nami kila nikizitazama naliona lile godoro.

Nilimsimulia binti habari hizo. Akasikiliza, akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Shangazi, mimi sitaki ukumbi. Nilitaka uwanja wa Bibi, turubai, na masufuria ya pilau yakipikwa nje watu wakiyaona. Na cherehani yangu mwenyewe. Ila kila nikitaka kusema, mtu ananiambia harusi si ya kwangu ni ya ukoo."

Ni kweli kwamba harusi ni ya ukoo. Ni kweli pia kwamba ukoo hautalala naye chumba kimoja bila cherehani. Nikamwahidi kwamba la ukumbi nitalibeba mimi.

Kisha nikairudia orodha kutoka juu hadi chini, kama ninavyofanya na orodha ya sokoni, nikitafuta kilichosahauliwa. Palikuwa na siku ya kushika irembo, yaani ile ziara ya kwanza ya kuomba mlango, imekwisha fanyika. Palikuwa na inkwano, ambayo wazazi hupokea kwa desturi ya Kirundi na ambayo wazee huizungumza kwa lugha ya ng'ombe hata kama hakuna ng'ombe aliyeonekana, wamekubaliana. Palikuwa na mahari ya dini, ambayo ni haki ya binti mwenyewe na haiingii mfukoni mwa mtu mwingine; imetajwa. Palikuwa na siku ya nikaha msikitini, na siku ya gutwikurura ambapo bibi harusi hufunuliwa na kuanza kupika kwake. Komine haikuwamo.

Nikamwuliza, "Na kuandikisha ndoa mbele ya ofisa wa serikali?"

Akainamisha kichwa. Akasema kwamba ami wa mchumba wake, ambaye ndiye msemaji wa upande wao, alisema nikaha inatosha kwa sasa. Karatasi haina haraka, wataandikisha wakishapata nafasi.

Wasomaji wangu, hapa sikuwa tena na la kucheka. Nataka nilieleze jambo hili taratibu, maana nimekwisha lijibu katika barua za wasomaji mara kadhaa na bado linarudi. Sheria ya Watu na Familia ya Burundi, iliyotiwa saini tarehe 28 Aprili 1993, inaitambua ndoa moja tu, ile iliyofungwa mbele ya ofisa wa uandikishaji. Nikaha ni ibada, na mimi ni wa kwanza kuiheshimu. Mbele ya Mungu ni ndoa kamili. Mbele ya hakimu si kitu. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyokataza mume kuoa mke wa pili, ndiyo iliyoondoa talaka ya neno la mdomo na kuutaka uamuzi wa mahakama, na ndiyo iliyosema kwamba mali ya nyumba husimamiwa na wawili kwa pamoja. Yote hayo humlinda mke aliyeandikwa. Asiyeandikwa hana hata moja kati ya hayo, awe amekaa na mumewe siku tatu au miaka thelathini. Zaidi ya hayo, nchi yetu haijawa na sheria ya mirathi ya ardhi. Huamuliwa kwa mila, na mila humtazama mwana wa kiume. Mwanamke asiyepata ardhi kwa baba yake, kisha asiwe na cheti kwa mumewe, asimame wapi?

Nilimtajia mama mmoja wa barabara ya pili kutoka kwetu. Aliolewa kwa nikaha ya halali, watu wakala, wakashiba. Mumewe alifariki. Arobaini ilipopita wakwe walikuja na kijana mwenye mkokoteni. Hawakumtukana, hawakumpiga, walimwomba tu awaonyeshe karatasi. Alipelekwa kwa kadhi wa nyumbani, kwa wazee, kwa chifu wa mtaa, kila mmoja akamwonea huruma. Leo anauza mkaa kwa mafungu mbele ya nyumba ambayo matofali yake aliyasomba yeye.

Serikali nayo ilikwisha kulitazama jambo hili kwa upande wake. Mwaka 2017 iliamuru kwamba wote wanaoishi pamoja bila ndoa ya sheria wawe wameandikisha kabla mwaka haujaisha, na mwezi wa Desemba watu walifungishwa ndoa kwa makundi, wengine wakiwa na wajukuu. Palikuwa na manung'uniko mengi juu ya amri ile, na sikatai kwamba kuharakishwa hakumpendezi mtu. Lakini nawakumbuka wanawake waliotoka komine siku zile wakiikunja karatasi na kuitia kifuani, mahali wanapoweka fedha.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, nikimwambia ataona simwamini."

Hilo ndilo lililomzuia. Alikuwa ameliona pengo hilo muda mrefu. Mtu anayehesabu mawe kwenye wali halikosi. Aliogopa kwamba neno la karatasi litaingia kati yao kama mtu wa tatu kwenye sahani. Sikumwambia asiogope, kwa kuwa hofu hiyo ni ya haki. Nilimwambia asimwambie mbele ya wazee, wala kwa simu, wala asinitume mimi. Amwambie Ijumaa, wakila, siku ambayo zamu ya kulipa ni yake.

Ijumaa hiyo nilikaa mlangoni kama mama anayesubiri matokeo ya mtihani. Alipita kwangu saa tatu kasoro, akaketi kizingitini, akanipa daftari. "Ndagala, ugali. Nimelipa mimi. Nimemwambia. Amenyamaza sana. Kisha amesema hana hati."

Kumbe kijana hakuwa akimtii ami yake kwa sababu ya mila. Alizaliwa Rumonge, kiasi cha kilomita 70 kusini ya mji kando ya ziwa. Aliuliza komine miezi miwili iliyopita, akaambiwa alete hati ya kuzaliwa kutoka alikoandikishwa. Kwenda na kurudi ni siku nzima ya kazi, na katika msimu huu wa mafuta huenda ikawa siku mbili. Tena aliona haya kumwambia mchumba wake kwamba mtu mzima wa miaka 27 hana karatasi ya kuonyesha kwamba amezaliwa. Basi aliponyimwa njia ya mkato akakubali maneno ya ami, kwamba haina haraka. Kila mmoja kati ya wawili hawa alikuwa akimficha mwenzake kitu kile kile. Walikuwa wamekula pamoja Ijumaa ishirini na kitu, wakaandika mpaka bei ya pilipili, na hili halikuandikwa.

Juma lililofuata walikwenda Rumonge. Nilimtuma mdogo wake binti awasindikize, maana majirani bado wana macho. Waliondoka alfajiri, wakangoja basi saa nne nzima, wakafika ofisini karibu na kufungwa, wakaambiwa warudi kesho. Wakalala kwa bibi yake kijana, mabinti chumba kimoja na bibi, kijana barazani kwa jirani. Siku ya pili hati ikapatikana. Wakarudi na hati hiyo imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na dumu la mawese, kwa kuwa huwezi kutoka Rumonge, nchi ya michikichi, ukaja mikono mitupu. Daftari linasema: "Rumonge. Ndagala wabichi wa asubuhi, wamekaangwa na Bibi yake. Hatukulipa. Hakuna mfano."

Mkutano wa wazee ulifanyika Jumapili iliyopita uwanjani kwetu. Ami alisema kwa maneno ya adabu kwamba zamani ndoa zilidumu bila karatasi. Nilimjibu, kwa adabu hiyo hiyo, kwamba zamani pia nyumba zilijengwa kwa majani na hakuna aliyekuja na mkokoteni kuzichukua. Wazee wakacheka, yeye hakucheka, lakini alikubali siku ya komine itangulie, ya nikaha ifuate. Ukumbi umefutwa. Fedha za ukumbi zitagawanywa: sehemu turubai na mchele, sehemu cherehani, na cherehani hiyo itanunuliwa kabla ya siku ya harusi, nitakwenda kuichagua mimi pamoja na binti, maana nimeona cherehani nyingi za kuahidiwa.

La ngoma bado. Ndugu yangu amekwisha waambia rafiki zake wa msikitini na wa kazini, na mtu akishasema neno kama hilo mbele ya rafiki zake si rahisi kulimeza. Tangu Jumapili hajanisemesha. Jana nilimpelekea bakuli la ndagala kwa mkono wa bintiye. Bakuli limerudi tupu, limeoshwa, bila salamu.

Siku ya komine ni Alhamisi asubuhi, katika komine ya Mukaza. Binti alitaka iwe Ijumaa ili wakitoka wakale, ofisa akasema Ijumaa imejaa. Kwa hiyo watakula Alhamisi. Mukeke, mzima, na nimeambiwa kwamba zamu ya kulipa ni ya shangazi.

Habari za unga wa muhogo juma lijalo.